Mstari Uliopita kwa Dada

Mpima barabara waliyemwita Rula alikuwa na sharti moja: ndugu yake hapati kwake kitu ambacho mtu baki hapati. Alilishika sharti hilo hata wajomba wakaacha kumpigia simu, naye akaona hiyo ndiyo heshima. Jina la Rula wenzake walimpa kwa kumcheka. Yeye alilipokea kama cheo.

Ikaja kazi ya kupanua barabara kuu. Ilikuwa bado changa: ramani mezani, chai inapoa, mistari miwili ya penseli. Barabara ingeongezwa upande wa kushoto penye maghala makuukuu, au upande wa kulia penye nyumba ya dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao alipofariki.

Mtu mwenye akili timamu angesema, "Hapo nina ndugu, apange mwingine." Rula hakusema. Akasimama kikaoni, akakohoa kidogo kama hakimu, akapendekeza kulia.

"Vipimo vya maji havijatoka," alisema mtaalamu wa mazingira, mama mmoja asiyepaza sauti. "Subiri nichimbe pande zote mbili."

"Tukisubiri, watu watasema namkinga dada yangu."

"Watu gani? Hapa hakuna hata aliyejua kama una dada."

Kikao kizima kikacheka. Rula naye akacheka, huku moyoni akiamini wanauonea wivu uadilifu wake.

Jioni akaenda kwa dada. Utaratibu wa kazi ulikuwa wazi: mwenye nyumba haambiwi ahame mpaka mstari upitishwe na fidia itoke. Rula, mwalimu wa utaratibu, aliuruka kama mtoto anavyoruka dimbwi.

"Dada, nyumba itaguswa."

"Itaguswa au itabomolewa? Sema kama mtu mzima."

"Itabomolewa. Ukianza wewe, majirani hawatasumbua. Fidia itafuata. Mimi sitaki upendeleo."

"Na nani kakuomba upendeleo? Nimekufuta makamasi mwenyewe, leo unanihutubia sebuleni kwangu?" Akaweka chini gauni alilokuwa akilishona. "Una uhakika lakini?"

"Nina uhakika."

Hakuwa nao. Ila dada hakuwahi kumsikia akisema uongo, akapiga moyo konde. Mafundi wakaezua bati, wakashusha kuta, wakapanga matofali uani. Rula alikuja kusimamia, kifua mbele, akitumaini kuna jirani anayemtazama. Jirani mmoja alimtazama kweli, kisha akaingia ndani akafunga mlango.

Mtaalamu wa mazingira akamaliza kuchimba. Upande wa kulia, chini ya udongo, kulikuwa na chemchemi. Lami ingezama kila masika, na kisima cha mtaa mzima kingekauka. Mstari ukahamia kushoto, kwenye maghala.

"Hongera," mama yule akamwambia Rula. "Dada yako amepona."

Rula alikimbilia chooni. Kwa wiki nzima alikuwa amejizoeza uso wa mtu aliyejitoa mhanga. Sasa kioo kilimwonyesha sura ya mtu aliyechinja mbuzi wa mwenzake kwa sherehe isiyokuwepo. Akajaribu kujicheka. Kicheko kilitoka kama kwikwi.

Akamkuta dada ameketi juu ya rundo la matofali, cherehani imefunikwa turubai.

"Barabara haipiti hapa tena, dada."

"Haipiti?"

"Haipiti. Ni kosa langu."

Dada akainuka juu ya matofali, akajipangusa vumbi. "Basi beba hicho kitanda," akasema. "Nahamia chumbani kwako, wewe utalala sebuleni. Na usiseme nakupendelea."

Barabara ilipanuliwa bila kugusa kiwanja kile. Sifa ya haki aliyoitafuta Rula ilimgharimu dada yake nyumba aliyoijenga kwa kushona nguo za watu, na hakulipwa fidia yoyote, kwa sababu mstari haukupita kwake.