Nilikataa Isale la Mdogo Wangu Nipate Wapangaji

Nilikosea. Nalisema mwanzoni kabisa, msije mkadhani nimekuja hapa kujitetea. Ndugu zangu wanaijua nusu ya habari hii. Nusu nyingine sijamwambia mtu, hata mke wangu.

Mimi ni Mchaga niliyezaliwa Arusha. Baba alishuka kutoka mlimani akiwa kijana, akafanya useremala, akanunua kiwanja Kimandolu wakati huko bado ni migomba mitupu. Akapanda masale, ile mimea ya majani marefu, kuzunguka mpaka wote, kama kwao mlimani. Alipofariki tulibaki wawili: mimi, na mdogo wangu ambaye hapa nitamwita Eli.

Mimi na mke wangu tulikaa nyumba ya mbele. Eli, kitinda mimba wetu, alikaa nyumba ya nyuma na mkewe na watoto. Bomba lilikuwa moja, katikati ya uwanja. Asubuhi usipomsikia mwenzako bombani, unakwenda kumgongea kujua kulikoni. Hayo ndiyo yalikuwa maisha yetu, na wala sikujua kama ni kitu cha thamani.

Kisha mambo yakafunguliwa. Ruksa hii, ruksa ile. Mashirika yakaja, kampuni za utalii zikaota kama uyoga, na wageni wakawa wanatafuta nyumba za kukaa. Mji mzima ukageuka kuwa wataalamu wa nyumba! Kwenye harusi habari ni matofali, kwenye msiba ni matofali, hata nje ya kanisa watu hawajamaliza kushikana mikono wanaulizana bei ya mabati. Kahawa ilikuwa imeanguka na mishahara haieleweki, lakini nyumba ya kupangisha, walisema, huwezi kukosea.

Nikaletewa dalali. Akazunguka uwanja wetu mikono mfukoni, akasema mahali ni pazuri sana, mlima unaonekana wote, mgeni atalipa kwa dola na atalipa mwaka mzima mbele. Ila akanitahadharisha kuwa mgeni hapangi uwanja wenye watu. Anataka geti lake, bustani yake na sehemu ya kuegesha gari. Akaitazama nyumba ya Eli, nepi zikiwa zimeanikwa kwenye kamba.

Nilimweleza Eli tubomoe vyote, tujenge nyumba moja kubwa, na yeye nimtafutie kiwanja kingine. Akasema hapana. Kwetu nyumba ya baba hubaki kwa kitinda mimba, na yeye hana mpango wa kuondoka. Siku nyingine nikaleta fundi bila kumwambia. Eli akatukuta tunapima ukuta wa chumba chake cha kulala. Akamnyang'anya fundi utepe, akautupa kwenye migomba, akaniambia mbele ya watu kwamba mimi si mtoto wa baba, mimi ni dalali tu niliyekulia kwa baba.

Mdogo kumtukana mkubwa hivyo kwetu si jambo dogo. Eli mwenyewe alilijua. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, Baba Mdogo alikuja nyumbani amevaa koti lake la kanisani, mkononi ameshika jani la isale lililofungwa fundo.

Asiyejua mila zetu nimweleze. Mtu akikukosea, akatuma mzee akuletee isale, unapokea. Hata kama amekuua moyo, unapokea, na ugomvi umekwisha hapo hapo. Hakuna anayelikataa. Sijawahi kusikia mtu aliyelikataa.

Baba Mdogo akasema, "Mdogo wako amekosa. Anaomba yaishe."

Nikaweka mikono nyuma.

Nikamwambia, "Kwanza ahame. Mengine tutayazungumza baadaye."

Mke wangu alikuwa mlangoni ameshika sinia la chai. Alinitazama, kisha akarudi jikoni nalo. Baba Mdogo alikuwa bado amenyoosha mkono. Akasema, "Nimebeba masale ya watu tangu ujana wangu. Sijawahi kurudi na hata moja." Akatoka.

Ndugu wote waliamini niliumia mno kwa lile tusi. Wengine walinitetea hata! Sasa sikilizeni ile nusu nyingine. Hasira haikuwapo. Ilikuwa imeniisha tangu siku ya pili. Jioni ya siku hiyo nilikuwa karibu kucheka nilipokumbuka fundi akitafuta utepe wake kwenye migomba. Nilijua nikipokea isale tumeshapatana, na tukishapatana siwezi tena kumwambia ahame. Kwa hiyo nilijifanya nina hasira. Niliitunza hasira ya uongo mpaka mdogo wangu akafunga mizigo yake.

Asingeweza kuchota maji bomba moja na kaka aliyekataa isale lake, akahamia upande wa Babati. Hakuniaga.

Nilijenga, jamani! Vigae sakafuni, vyoo ndani, geti la chuma. Masale ya baba niliyang'oa nikajenga ukuta. Wakaja mume na mke wageni, watu wapole wa mradi wa shirika moja, wakalipa walivyosema watalipa. Mimi mwenye nyumba nikaenda kupanga vyumba viwili Ngaramtoni nikijiona mjanja.

Mradi wao ulipokwisha wakaondoka. Wakati huo kila mtu alikuwa amejenga, na kwa uzuri kuliko mimi. Dalali aliyekuwa akinipigia hodi kila wiki akawa akiniona mjini anavuka barabara. Tukahamia wenyewe kwenye ile nyumba. Mke wangu alikaa kidogo, akaenda Tanga kumsaidia binti yetu aliyejifungua. Mtoto huyo sasa anakwenda shule, na mama bado hajarudi. Nikimuuliza, anajibu tu kwamba kule kuna watu.

Nimebaki peke yangu na vyumba vyote hivi. Mwaka jana nilianguka bafuni, nikalala pale sakafuni tangu asubuhi mpaka kijana wa maziwa alipokuja. Ukuta ni mrefu, majirani hawasikii kitu. Ndivyo nilivyoutaka.

Nimejaribu kumpelekea Eli isale. Kwa mila yetu hulipeleki mwenyewe, lazima mzee akubebee. Nimemwendea Baba Mdogo, nimewaendea wazee wengine wa ukoo. Hawanitukani. Wananikaribisha, wananipa ndizi, halafu kila mmoja anasema miguu inamuuma.

Sasa naambiwa soko linarudi. Dalali amekuja tena juzi na habari za wageni wapya, ananihimiza nipake rangi. Huenda ni kweli. Vijana wananiuliza kama nyumba za kupangisha Arusha zinalipa, nami nawajibu kwamba zinalipa kweli, mwaka huu zikipanda mwaka mwingine zikishuka. Jengeni. Lakini ukiona ili upate mpangaji ni lazima umwondoe ndugu yako, achana na huyo mpangaji. Mwingine atakuja. Ndugu nimemtafuta, sijampata mwingine.

Eli, kama gazeti hili linafika huko, mimi sikuwa na hasira na wewe. Sikuwa nayo hata siku ile ya isale. Hilo ndilo nililotaka ulijue, na sikupata mtu wa kumtuma.