Marehemu Alikuwa Mtu Mpole

Mzee yule aliishi nyuma ya nyumba yetu hapa Kensington, akiandika kwa Kijerumani vitabu vya kuwatukana watu. Aliwatukana mapadri, waandishi wenzake, hata nchi yake. Mimi hufundisha Kijerumani chuoni, nikawa mfasiri wake wa Kiswahili. Tulielewana, mpaka mama yangu alipokuja kunitembelea kutoka Kenya.

Mama alimpelekea chai na mandazi, akamwombea mguu uliokuwa ukimsumbua. Mzee akamtia kwenye kitabu: mwanamke mnene anayepiga kelele za maombi huku makombo yakimdondoka kifuani. Nilikataa kukifasiri. Kikatoka kwa Kiingereza, mshirika mmoja wa kanisani kwake akamsomea mama, na tangu hapo mama hakuomba tena kwa sauti mbele ya mtu. Hilo sikumsamehe mzee, na sijaona haja.

Alipofariki, mkewe alikuja kwangu na wosia wake. Siku ya kumbukumbu, mzee alitaka asemwe vibaya tu. Alitaka kuendelea kuwachokoza watu akiwa kaburini. Mkewe akaniomba nizungumze kwa niaba ya wasomaji wa Kiswahili.

"Najua una sababu," aliniambia. "Usimhurumie."

Sikumhurumia. Katika ukumbi mmoja wa mtaa jirani wa Bertrams, Wajerumani wenzake walitangulia, wakamtukana kwa ustadi na watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimewaalika akina mama wa kanisani kwetu. Nikashika maikrofoni, nikamsema kama tunavyomsema marehemu yeyote kwetu, hata kama alikuwa mwizi.

"Marehemu alikuwa mtu mpole, mcha Mungu, mpenda watoto. Hakuwa na neno na mtu. Sisi tulimpenda, lakini Mungu alimpenda zaidi."

Nikarudia kwa Kijerumani, taratibu, asikose mtu hata neno. Akina mama wakaanzisha pambio na makofi. Vicheko vikaisha. Mjerumani mmoja aliinamisha kichwa, akasema amina.

Mkewe alinifuata mlangoni, uso umemwiva. "Afadhali ungemtukana."

"Najua," nikamjibu. Nilisikia raha mpaka tumboni.

Nilipofika nyumbani nikampigia mama.

"Ulimsema vibaya?" aliuliza kwa woga.

"La, mama. Nimesema alikuwa mpole na mcha Mungu."

Akacheka, kicheko chake cha zamani. "Maskini. Haya, tumwombee."

Akaanza kuomba kwa sauti yake yote. Nikaweka simu kwenye spika, nikafungua dirisha linaloelekea nyumba ya mzee. Mama aliomba kwa muda mrefu, akautaja hata mguu.