Nyuso Safi za Kijiji cha Kulinganisha

Mwaka ule nilikuwa nimetoa riwaya yangu ya kwanza, na hapa Dodoma walikuwa wameisoma watu wachache kiasi kwamba ningeweza kuwaalika wote chakula cha mchana na viti vikabaki. Ndipo daktari mmoja, mtafiti wa macho, aliponipigia simu akitaka nimwandikie kijitabu.

"Nasikia unaandika vizuri," alisema. "Nataka kitu chenye hisia. Paneli ya kupandisha vyeo inakaa mwezi ujao. Safari hii uprofesa hawautoi kwa nukuu peke yake, wanataka na ushahidi kwamba utafiti wangu umegusa jamii. Nukuu ninazo. Jamii ndiyo sina."

Nilimkuta ofisini kwake. Pale ambapo watu wengine hutundika picha ya harusi, yeye alikuwa ametundika kurasa za kwanza za makala zake, kila moja ndani ya fremu ya kioo. Aliwataja wasomi waliomnukuu kama mtu anavyowataja wajukuu. Alikuwa mtu mwema, na naomba niliseme hilo mapema, kabla hujamchukia. Ujanani alizunguka vijiji vya uwanda huu na mkoba mdogo wa ngozi, akipasua watu vikope. Ugonjwa huo wa vikope huanza utotoni, kwa uso mchafu na nzi. Miaka mingi baadaye kope hujikunja kuelekea ndani na kuikwaruza mboni, kila mtu anapopepesa, mpaka jicho linakuwa jeupe kama yai lililochemshwa. Kuzirudisha kope mahali pake hakuchukui muda mrefu kuliko kusonga ugali wa familia. Kisha akaandika makala, makala ikanukuliwa, na tangu siku hiyo hakushika tena kisu.

Utafiti uliompa sifa ulikuwa wa vijiji viwili vya Bahi. Cha kwanza kilifundishwa kuwaosha watoto nyuso, kwa nyimbo, mabango na sabuni ya mche. Cha pili hakikufundishwa kitu. Kiliitwa kijiji cha kulinganisha, na kilitakiwa kiachwe kama kilivyo mpaka utafiti uishe, ndipo nacho kipewe mafunzo na kambi ya upasuaji.

Lakini kila watafiti walipokwenda kupima, walikuta watoto wa kijiji kisichofundishwa ni wasafi sawasawa na wa kile kilichofundishwa. Mara nyingine wasafi zaidi. Jambo hilo lingeweza kumwaibisha mtu mwingine, yeye likamfanya maarufu. Wasomi wa nchi nisizozijua walilijadili. Mmoja aliandika kuhusu upepo wa uwanda wa kati. Mwingine alitetea chumvi ya ardhini. Wa tatu alikuwa na nadharia ya mabibi na kumbukumbu zao. Wote walimnukuu, naye akawajibu wote na kuwanukuu, na kila makala, ya kwake na ya kwao, ilimalizika kwa sentensi ileile: utafiti zaidi unahitajika. Kwa kuwa ulihitajika, uliendelea. Kwa kuwa uliendelea, haukuisha. Na kwa kuwa haukuisha, kambi haikuja.

Mimi wakati huo sikuyaona hayo. Niliona fremu tu, nikazionea wivu.

Alinipa picha kutoka jalada la jarida moja: jicho la kulia la mwanamke mzee, limepigwa kwa karibu hadi mishipa yake ilifanana na mito katika ramani. "Mama huyu ametokea katika majarida mengi kuliko mimi," alisema. "Yuko kijiji cha kulinganisha. Nenda kaongee naye. Akueleze utafiti umembadilishia nini."

Gari la mradi lilikuwa gereji. Nikapanda basi hadi Bahi, kisha bodaboda, tukapita kwenye kingo za majaruba ya mpunga ambamo maji ya mvua yalikuwa bado yamelala, anga limeingia ndani yake na ndege weupe, nyangenyange, wakitembea juu ya mawingu. Hakuna aliyekuwa na habari kwamba ninakuja.

Nilimkuta ameketi juu ya gunia, ungo mapajani, akichagua mchele kwa ncha za vidole na kutupa kokoto pembeni bila kutazama. Kwenye pindo la khanga alikuwa amefunga kibano kidogo cha chuma. Watoto watano au sita walikuwa wakicheza karibu yake, makamasi yamekauka hadi midomoni, nzi wamepanga foleni kwenye kona za macho.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nani wewe?"

"Nimetumwa na daktari wa macho."

Alisimama nusura amwage mchele. "Daktari! Gari liko wapi?"

"Sikuja na gari, bibi. Nimekuja na bodaboda."

"Na bodaboda!" Akageukia mlangoni. "Mkwe wangu, toka huko! Mgeni wa daktari kaja na pikipiki, watoto wananuka!" Kisha akanigeukia mimi. "Mmetuaibisha. Watu wa maana huja na vumbi lao. Tunaliona toka kule barabarani, tunapata muda."

"Muda wa nini?"

"Wa kuwaosha hawa! Utampokeaje mgeni na watoto wenye makamasi? Sisi si wanyama."

Mkwe wake alitoka na ndoo, anacheka. "Siku za daktari, kaka, tunawasugua mpaka wanalia. Tunawapaka na mafuta."

"Na siku nyingine?"

"Siku nyingine maji tunayafuata mbali. Uso wenyewe unachafuka kabla hujaiweka ndoo chini."

Nilibaki na kalamu hewani. Upepo wa uwanda wa kati, chumvi ya ardhini, kumbukumbu za mabibi, mikutano ya kitaaluma katika miji yenye theluji: vyote vilisimama juu ya adabu ya kumpokea mgeni.

"Bibi, mbona hamkumwambia?"

"Hakuuliza. Aliuliza kama tumefundishwa, tukasema hapana. Kwani uongo? Nani hufundishwa kupokea mgeni?"

Nikamuuliza nililotumwa: utafiti umembadilishia nini. Alifikiri kidogo.

"Daktari amelishika jicho hili mara nyingi kuliko marehemu mume wangu alivyonishika mkono. Kila akija ananiambia nisubiri, kambi itakuja utafiti ukiisha. La kushoto lilisubiri, likachoka."

La kushoto lilikuwa jeupe. La kulia lilikuwa jekundu, likitoka machozi bila kilio. Kila asubuhi alizing'oa kope kwa kibano, kwa kupapasa, nazo ziliota tena fupi na ngumu kama mabua ya uwele baada ya kuvuna.

"Hili nalo likienda, mchele nitauchaguaje? Huyu atanilisha kokoto."

"Nitakuchagulia mimi, mama. Usimtishe mgeni."

"Wewe! Wewe hata ng'ombe wa jirani hukumwona mpaka akamaliza mlenda wetu."

Walicheka wote wawili. Mimi nilishindwa. Kabla ya kuondoka nilipita zahanati ya kijiji, nikamwuliza nesi. Aliniambia jicho lile likikwaruzwa hivyo, mvua zijazo halitaziona.

Kesho yake nilimweleza daktari yote. Mwanzoni alicheka. Kisha akautazama ukuta wake, fremu moja baada ya nyingine, na kicheko kikaishia njiani.

"Umeyaandika hayo?"

"Nimeyaandika."

"Kwenye kijitabu?"

"Kwenye daftari."

"Basi yaache kwenye daftari. Kijana, wewe umenukuliwa mara ngapi?"

"Sijawahi."

"Basi hujui unaniomba nini."

"Mimi siombi kitu, daktari. Nesi anasema jicho la bibi linakwenda."

"Kambi iko kwenye mpango."

"Iko baada ya utafiti kuisha. Na utafiti hauishi kwa sababu kila mkija wanawaosha watoto."

"Hilo halijathibitishwa."

"Utafiti zaidi unahitajika?"

Nilisema hivyo kwa mtu niliyekuwa nimemwamkia shikamoo dakika kumi tu kabla. Alinionyesha mlango.

Siku tatu baadaye simu yake ilinikuta sokoni. "Gari limetoka gereji. Panda, ukanionyeshe huo ujinga wako." Alipokuja kunichukua alikuwa amebeba fomu za kunikanusha, faili zima. Lakini chini ya kiti niliona pia mkoba mdogo wa ngozi, umebanduka pembeni, na sikuuliza.

Palipoinuka barabara, kabla ya kushuka bondeni, alimwambia dereva asimame. Vumbi letu lilitupita taratibu likatangulia. Tukatazama. Kule chini wanawake walikuwa wakitoka majarubani mbio, khanga zimepandishwa, ndoo mikononi, na watoto wakikamatwa mmoja mmoja kama vifaranga jioni. Sauti za vilio zilitufikia zimechelewa kidogo, kama nyimbo za kwaya ya mbali. Daktari alimwashiria dereva aendelee.

Tulipofika watoto walikuwa wamepangwa mstari, nyuso zinang'aa kwa mafuta. Alitembea toka mwanzo hadi mwisho wa mstari. Mtoto wa mwisho bado alikuwa akitiririka maji, yanadondoka kidevuni na kulowesha shati. Daktari alimgusa shavu, akautazama mkono wake uliolowa.

"Shikamoo, mama," alimwambia yule bibi.

"Marahaba, mwanangu. Leo mmekuja kiungwana, na vumbi lenu."

Nilidhani angefungua faili. Aliliacha juu ya boneti. "Mama," alisema, "ukikubali, lile jicho tulitengeneze leo. Utafiti nimeumaliza."

"Umeumaliza lini?"

"Sasa hivi."

Kwenye zahanati, nesi alichemsha vifaa. Mkono wa daktari ulianza kwa kubabaika kwenye sindano ya ganzi. Kisha ukazoea, kama mtu aliyerudi kwao akaanza kuongea lugha ya mama yake. Mimi, mwandishi wa mateso ya binadamu, nilipewa kazi ya kushika tochi. Nakumbuka mwanzo wake. Mwisho nakumbuka sakafu, na nesi akiniruka kufuata tochi.

Kesho yake bandeji ilipofunguliwa, bibi alinikodolea lile jicho la kulia muda mrefu. "Ndiyo wewe? Mwembamba hivi! Wanaoandika vitabu kwani hawalishwi?"

Kambi ilikuja kabla ya mavuno. Uprofesa haukuja. Daktari aliandika masahihisho, kurasa mbili, kwamba watoto walikuwa wasafi kwa sababu wageni walikuwa njiani. Mpaka leo hakuna aliyeyanukuu. Nadharia ya upepo inaendelea vizuri, na mwezi uliopita makala mpya iliishinda ile ya chumvi, ikimshukuru yeye kwa msingi aliouweka.

Hivi karibuni alinialika twende tena kijijini. Alitaka mara moja maishani apime nyuso kama zilivyo, kwa hiyo tulikwenda na bodaboda mbili, polepole, kwenye kingo zenye unyevu, bila vumbi lolote. Alitabasamu njia nzima kama mwizi wa maembe.

Tulipofika watoto walikuwa mstarini, wanang'aa. Bibi alikuwa anakausha ndoo.

"Niliwaona toka mkiwa kule kwenye majaruba ya mwisho," alisema. "Wewe umevaa shati la bluu, na huyu mwembamba yuko nyuma. Karibuni."

Daktari aliirudisha kalamu mfukoni, akaketi kwenye gunia, akapewa ungo.