Farasi wa Bwana Seif na Nyumba Iliyokuwa Nyuma Yake

Iko siku moja ya kijijini Kigombe, mwanangu, ambayo hunijia kila ninapokuona umeinua simu yako kumpiga mtu picha bila kutazama kilicho mgongoni mwake. Sogea karibu nikusimulie. Kazi ya picha ndiyo iliyonijengea nyumba hii unayokaa, na nikikwambia kwamba toka Tanga mpaka Pangani hakuna aliyeijua kama mimi, usidhani najisifu. Waulize wenzangu waliobaki.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Ujerumani na stashahada yangu ya upigaji picha. Sikushikwa mkono na mjomba wala shangazi. Nilianza kwa kufagia studio ya watu mjini, nikaomba masomo mpaka nikapata, nikarudi na kamera shingoni na koti la ngozi mwilini. Kwa joto la Tanga koti lile lilikuwa adhabu, lakini sikulivua. Watu wangejuaje kwamba nimerudi?

Nchi ilikuwa inatoka kwenye shida. Foleni za sukari na sabuni zilikuwa zimeanza kufupika, mitumba imerudi sokoni, na wenye ndugu Uarabuni walikuwa wakiletewa redio na vitambaa. Vitu vya kazi yangu, hata hivyo, vilikuwa bado adimu. Filamu zilikuwa zile tu nilizorudi nazo, na betri za flashi huzipati hata kwa mlanguzi.

Basi akanijia nyumbani kwetu Mabawa, pale Tanga mjini, kijana mmoja, Nassor, wa familia ya Kiarabu yenye mashamba ya minazi huko Kigombe. Akasema mama yake, Bi Zuwena, anataka farasi wao apigwe picha mbele ya nyumba yao, na picha ziwe tayari kabla yeye Nassor hajasafiri kwenda Maskati. Sikumwuliza za nini. Mtu akitaka picha, apigwe picha; ndivyo nilivyoona wakati ule.

Farasi mwenyewe aliitwa Hilali. Alikuwa wa rangi ya kahawa iliyokolea, na katikati ya paji la uso ana alama nyeupe iliyopinda kama mwezi mwandamo. Alikuwa mzee, lakini alikuwa hai, na hilo peke yake lilikuwa ajabu, maana pwani yetu mbung'o huwamaliza farasi upesi. Watu walitoka vijiji vya jirani kuja kumtazama tu.

Nilifika jua likiwa utosini. Hilali alikuwa amejikinga chini ya mti wa mkungu, na nyuma yake ile nyumba ya chokaa inawaka mpaka macho yanauma. Sasa nisikilize hapa, mwanangu, maana hata simu yako ina tabia hii hii. Jicho la mtu huona kivulini na juani kwa pamoja, lakini kamera haiwezi. Ukiipimia mwanga wa ukuta ulio juani, aliye kivulini anatoka mweusi tii. Ukimpimia aliye kivulini, ukuta unaungua mweupe na kila kilicho nyuma kinapotea. Hayo niliyajua vizuri, nilifundishwa. Nikapiga kadhaa kwa kipimo cha nyumba na kadhaa kwa kipimo cha farasi, nikala biriani yao, nikarudi mjini kuzisafisha kwenye stoo ya mama niliyoifanya chumba cha giza. Nilijiona nimemaliza kazi.

Nilipozirudisha Kigombe, Bi Zuwena alikuwa ameketi barazani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Kaa. Zilete."

Akavaa miwani, akaishika ya kwanza. "Hii ni nini?"

"Ni farasi, bibi. Ulaya picha ya namna hii hutundikwa ukutani. Ni sanaa."

"Farasi? Mimi naona gunia la mkaa lenye miguu."

Nassor akageuka pembeni, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Bi Zuwena akachukua ya pili. "Haya, huyu wallahi ni Hilali. Na nyumba yangu iko wapi?"

"Imemezwa na mwanga, bibi. Lakini ipo kwenye ile ya kwanza. Ukiziweka pamoja..."

"Nimeziweka pamoja. Hapa pana nyumba, hapana farasi. Hapa pana farasi, hapana nyumba. Nimekuita uwapige picha, wewe umewapa talaka!"

Nikaanza kumweleza juu ya ukosefu wa betri za flashi, ambayo ingemmulika farasi pale kivulini, na jinsi tulivyokuwa tukifanya Ujerumani. Akavua miwani, akaniinulia kiganja ninyamaze.

"Kijana, tangu ulipofika hapa umenieleza Ujerumani mpaka mitaa yake naijua. Hujaniuliza hata mara moja picha hii atakayeitazama ni nani."

Ndipo akaniambia. Mume wake, Bwana Seif, alikuwa hospitali Maskati, amelazwa kwa maradhi ya tumbo, na madaktari wanataka kumpasua haraka. Mzee amekataa. Aliondoka nyumbani katika kilele cha shida, akasikia huko kwamba watu wa pwani wanauza hata milango ya nyumba zao, akashikilia kwamba Hilali amekufa na nyumba imeuzwa, na kwamba wanawe wanamficha. Kila mgeni aliyemwapia alimwona mwongo. "Amesema hakatwi mpaka ajue anarudi wapi," Bi Zuwena akasema, na sauti yake ikapungua. "Ukimpelekea hii ya kwanza, atasema farasi ni wa kuazima. Ukimpelekea ya pili, atasema Hilali tumemuuza kwa watu, na hapo alipo ni kwao. Mimi nataka mume wangu, mwanangu. Sitaki sanaa."

Koti langu la ngozi lilinilemea siku ile, nakwambia. Nassor alikuwa anaondoka mwisho wa wiki, na kwenye kamera zilibaki picha chache za filamu yangu ya mwisho. Nikamwuliza swali ambalo nilipaswa kuliuliza tangu Nassor aliponijia Mabawa: "Bwana Seif alizoea kumwona wapi Hilali?"

"Hapo ngaziani. Kila siku akitoka msikitini alfajiri, huketi barazani akamlisha tende. Na huyu mjinga mpaka leo jua likitoka huja mwenyewe kusimama hapo, anamngoja."

Nikasimama kwenye ngazi, nikatazama. Mbele yangu bahari, na bahari yetu iko mashariki. Maana yake jua likichomoza linaupiga uso wa nyumba, na kiumbe yeyote aliyesimama ngaziani linampiga vile vile. Farasi na ukuta wangekuwa katika mwanga mmoja, tena mwanga laini wa asubuhi. Flashi ya nini? Hapo elimu yangu ilinifaa, na sitaificha: si kila mtu angeliona jambo hilo upesi vile.

Nikalala kwao. Asubuhi Hilali akaja kama alivyosema Bi Zuwena, akasimama ngaziani na shingo ameinyoosha. Nikaenda karibu nikapima mwanga wa ubavu wake, nikapima wa ukuta, nikaitegesha kamera kwenye kipimo kilicho kati ya hivyo viwili. Nikarudi nyuma, nikapiga goti mchangani. Mara wingu likalifunika jua. Hilali akazimaliza tende za kwanza alizopewa na Bi Zuwena, akageuza makalio, akaanza kuondoka.

"Hilali! Hilali, baba, usinifanyie hivyo leo," Bi Zuwena akamwita, tende kiganjani, machozi yanamlengalenga. Farasi akasimama. Akafikiri kifarasi chake. Akarudi. Na wingu, Mungu ni mwema, likasogea. Nikafyatua, nikafyatua tena mpaka filamu ikaisha.

Nilipoiona picha ile ikijitokeza taratibu kwenye dawa, pale stoo, nilikaa chini sakafuni. Manyoya ya Hilali yalihesabika, mwezi wake kwenye paji upo, macho yake yana uhai. Na nyuma yake mlango wa nakshi, nyufa za chokaa, hata kiti cha Bwana Seif barazani. Hakuna kilichommeza mwenzake. Nassor akaondoka nazo.

Habari zilikuja kwa simu, kwenye duka la vitambaa la Bwana Akberali, Mhindi rafiki wa familia ile. Tulikuwa tumekusanyika kwenye kaunta yake tangu duka lifunguliwe, Bi Zuwena na buibui lake, mimi bila koti. Akapewa simu. Akasikiliza, kisha akakaa juu ya marobota na kucheka huku analia. Nassor alisema mzee aliishika picha, akaisogeza dirishani, akaigusa kwa kidole. Kisha akasema, "Mwambieni Zuwena asimjaze tende, amemnenepesha. Haya, niitieni daktari."

Akapasuliwa, akapona, akarudi Kigombe, akamlisha Hilali mwenyewe miaka mingine. Bwana Akberali siku ile alitununulia soda wote, na sijapata kunywa soda tamu kama ile.

Kwa hiyo, mwanangu, kabla hujafungua kamera, uliza ni nani atakayeitazama picha na anatafuta nini ndani yake. Ukishajua, usimkomboe aliye mbele kwa kumpoteza aliye nyuma. Msogeze, mgeuze, au ungoje saa ambayo jua litawapa wote haki yao. Na kwa kuwa nawe mwakani unakwenda kusoma mbali, lichukue hili pia: utakaporudi na vyeti vyako, jivunie, mimi nitakuwa wa kwanza kukupigia makofi. Lakini simama mahali ambapo ukitazamwa wewe, kwenu kunaonekana. Na ukiwa kwa watu, acha kwanza wakueleze shida yao. Habari za Ulaya zitangoja.

Nenda na radhi yangu. Mungu akuangazie mbele na nyuma, akupe macho ya kuona na subira ya kungoja wingu lipite, na siku ya kurudi akukutanishe nasi tuliokungoja hapa ngaziani.