Nisubiri Kwenye Kona

Kwa miaka miwili Tanti Ludwina Wijngaarde na Tanti Irmgard Braafheid hawakusemeshana hata kusalimiana, na kanisa zima lilijua isipokuwa mchungaji. Mchungaji wetu alikuwa kijana, na alichokiona yeye ni kina mama wawili wanaopendeza kila Jumapili kwa vilemba vya kwetu Suriname, vilivyopigwa wanga vikasimama kama bati. Siku moja akawasifu mbele ya watu wote. "Tazameni mama zetu wanavyouenzi utamaduni!" Sisi wa kwaya tukainamisha vichwa, tukajifanya tunatafuta ukurasa wa wimbo. Maana kilemba cha Irmgard siku hiyo kilikuwa na ncha tatu zilizochomoza nyuma, na maana yake ni "waache waseme." Cha Ludwina kilifunguka kama mkia wa tausi, yaani "nitazame, kijicho kikuue." Walikuwa wanatukanana wale, tena ndani ya nyumba ya Mungu.

Mimi nakaa na Tanti Ludwina ghorofa moja pale Bijlmer, mtaa wetu wa Amsterdam, ukuta kwa ukuta, na kwenye kwaya nasimama karibu naye, kwa hiyo sisimulii ya kuambiwa.

Alikuja Amsterdam mwaka wa sabini na tano, msichana wa miaka ishirini na moja, wakati nusu ya Paramaribo ilikuwa inapanda ndege kabla nchi haijapata uhuru. Ndani ya ndege alikaa kati ya Irmgard na msichana mwingine, Josta. Walipopanda hawakuwa wanajuana. Walipotua, Josta peke yake ndiye aliyekuwa na koti. Hawa wengine shangazi zao waliwaambia baridi ya Uholanzi watu wanaitia chumvi tu. Basi koti lile moja wakalivaa kwa zamu kutoka uwanja wa ndege mpaka mjini, na urafiki ukaanzia humo, kwenye mikono ya koti la mtu.

Ludwina alifanya kazi kwenye nyumba ya wazee maisha yake yote. Aliwaogesha wazee wa Kizungu huku akiwatania, akawafundisha kula pilipili kidogo kidogo mpaka wapishi wakalalamika. Mumewe alihamia Rotterdam na hakurudi. "Rotterdam si mbali," alikuwa akisema, "lakini yule kwa uvivu wake, hata kwenda huko nilishangaa." Binti yake Sharine alimlea mwenyewe, akasoma, akapata kazi nzuri, na akarithi ulimi wa mama yake. Alipostaafu, Ludwina akaanza kufundisha kufunga vilemba kila Jumatano kwenye ukumbi wa mtaa.

Ugomvi ulizuka siku tuliyomzika Josta. Baada ya mazishi tulirudi ukumbini kula, na Ludwina alikuwa ameleta pom. Bila pom kwetu si shughuli: magimbi yanakunwa, yanatiwa maji ya machungwa, kuku anafunikwa katikati, kisha sinia zima linaingia kwenye oveni. Irmgard alichukua kipande, akatafuna taratibu, watu wote kimya kwa sababu ya msiba, akasema kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Tamu. Viazi ulinunua wapi?"

Kumwambia mwanamke wa Suriname kwamba pom yake ni ya viazi ni kama kumwambia Mswahili pilau lake lilipikwa kwa maji matupu na bizari ya njano. Ludwina aliweka kijiko chini, akabeba sinia lake likiwa limejaa, akatoka. Tangu siku hiyo vilemba ndivyo vilivyoongea.

Sasa, kwenye kwaya yetu kulikuwa na Siebren. Huyu ni Mholanzi mweupe wa mkoa wa Friesland, mrefu kama nguzo ya umeme, mjane, zamani alikuwa anatunza bustani za jiji. Alikuja kanisani kwetu mara ya kwanza kwenye mnada wa kuchangia paa, akanywa supu ya kuku, na hakutoka tena. Sauti yake ya besi ilikuwa nzuri. Tena alijiandikisha kwenye darasa la vilemba, mwanamume pekee, akajichoma pini vidole vyote. Kinamama walimcheka, yeye akacheka nao, na kila wiki alikuwa wa kwanza kufika.

Mwaka huu Ludwina alikuwa anatimiza sabini, na kwetu miaka sabini ni sherehe ya tarumbeta na kusindikizwa barabarani. Sharine alialika watu wote. Alimwalika Irmgard pia bila kumwambia mama yake. Jibu lililetwa na mwimbaji mmoja wa sauti ya kwanza, ambaye siri kwake ni kama maji kwenye chujio.

"Irmgard anasema anashukuru, ila tumbo lake halipokei viazi siku za sherehe."

Ludwina alikuwa anapiga pasi. Aliisimamisha pasi wima, akanitazama.

"Umemsikia?"

"Tanti, achana naye."

"Nimeachana naye miaka miwili. Sasa nakwenda kumwachanisha na meno yake."

Jumapili aliingia kanisani na kilemba cha rangi ya machungwa chenye ncha moja tu, imechomoza pembeni, imesimama kali kama kidole cha mwalimu. Wote tulikielewa. Kile kinasema: nisubiri kwenye kona.

Irmgard alikuwa amekaa benchi la mbele. Ludwina, kila wimbo ulipoanza, aligeuza shingo ili ile ncha imwelekee vizuri, kisha akageuka nyuma kidogo kuhakikisha kwamba sisi tumeona kuwa yeye ameona. Bahati mbaya nyuma kabisa, juu ya vichwa vyetu vyote, kilikuwa kichwa cha Siebren. Na Siebren alikuwa mwanafunzi mwema. Alikumbuka darasa ambalo Ludwina mwenyewe aliwaeleza kwamba zamani kule Paramaribo kilemba hiki mwanamke alikifunga kumwita mpenzi wake, wakutane kwenye kona watu wasijue. Habari ya kwamba siku hizi kinafungwa pia kumwitia mtu ngumi, haikufundishwa.

Kufikia ubeti wa tatu Siebren alikuwa mwekundu mpaka masikioni na anaimba sauti ya soprano.

Ibada ilipokwisha Irmgard alivua hereni, akazitia kwenye mkoba, akafunga mkanda wa koti na kuelekea kona ya duka la mikate la Mturuki. Mvua ilikuwa inanyunya. Kwaya nzima ghafla ikakumbuka kwamba nyumbani hakuna mkate. Tukamfuata kwa mbali, wengine wakajikinga chini ya turubai la muuza samaki.

Kwenye kona alimkuta Siebren amesimama na shada la maua, nywele zimechanwa kwa maji ya mvua.

"We Siebren, unasubiri basi? Kituo kiko kule."

"Hapana, Irmgard. Namsubiri Ludwina."

"Wewe tena una ugomvi naye gani?"

"Ugomvi? Ameniita."

"Amekuita saa ngapi? Nilikuwa namtazama muda wote, hakufungua mdomo ila kuimba."

Siebren akashusha sauti, lakini mtu mrefu namna ile hata akinong'ona watu husikia. "Ameniita kwa kilemba."

Irmgard alimtazama yeye, akatazama maua, akatazama ile njia ya kanisani. Kisha kitu kikampanda kutoka tumboni. Alishika nguzo ya taa kwa mikono miwili, akacheka bila kutoa sauti, machozi yanamtiririka, kofia ya koti imemwangukia usoni.

Ndipo Ludwina akatokea, mikono ya koti imekunjwa, mkoba ameushika kama jiwe. Akamwona Irmgard ameinama kwenye nguzo, anatetemeka na machozi, na mwanamume mkubwa amesimama juu yake.

"Siebren!" akafoka. "Umemfanya nini huyu? Mtu mzima hovyo! Ondoka hapo!"

"Mimi? Sijamfanya kitu. Nimekuja, Ludwina. Kama ulivyosema." Akanyoosha maua. "Niliogopa kwamba pengine nimekosea kusoma, lakini uligeuka mara nyingi mno."

Ludwina akagusa ile ncha ya kilemba, taratibu, kama mtu anayepapasa uvimbe kichwani. Nikaona uso wake unavyobadilika, hasira inatoka, aibu inaingia, na nyuma ya aibu kuna kicheko kinabisha hodi. Siebren alikuwa ameloa chapachapa. Maua yalikuwa mazuri. Ludwina hakujua pa kutazama, akageuka alikokuwa amezoea kugeukia tangu siku ile ya ndege.

"Irmgard, nifanyeje?"

"Unaniongelesha mimi?" Irmgard alijifuta macho. "Mimi nimekuja kupigwa. Wachumba wako sina habari nao."

"Irmgard, tafadhali!"

"Pokea maua, mwanamke. Mzee wa watu atashikwa na mafua."

Akayapokea. Chini ya lile turubai watu wakapiga vigelegele, na muuza samaki naye akapiga, bila kujua ni kwa nini. Ludwina akawageukia. "Nyinyi mkate wenu haujaiva? Tokeni!"

Mimi sikutoka. Nilishaloa, na Tanti alikuwa amenishika mkono kwa nguvu, kwa hiyo tukaingia wanne kwenye duka la Mturuki tukaagiza chai. Siebren aliketi kona, magoti yamefika kwenye meza, ametulia kama mtu aliyealikwa harusini. Wale wawili wakatazamana.

"Viazi vilikuwemo," Ludwina akasema.

"Nilijua!"

"Vichache! Sokoni hapakuwa na magimbi ya kutosha, nimezunguka mabanda yote, mazishi ni kesho yake. Ningefanyaje? Lakini kunisema pale, Irmgard. Siku ya Josta."

Irmgard alikoroga chai yake muda mrefu, na sukari alikuwa hajatia.

"Siku ile nilikuwa nazuia kilio tangu asubuhi," akasema. "Nikala kile kipande, nikaona ladha si yenyewe, nikajua umekipika huku unalia. Kila neno lililonijia lilikuwa la kuangusha machozi. Hilo la viazi ndilo pekee lililokuwa na miguu ya kutokea. Nikaliachia."

"Na miaka miwili ukanifungia 'waache waseme.'"

"Ulibeba sinia zima! Sisi wengine tule nini?"

Ludwina akaanza kucheka, kisha akalia, kisha Irmgard naye, wameshikana mikono juu ya vikombe. Walimlilia Josta pale kama hawakuwahi kumzika. Siebren akatoa kitambaa kikubwa cha mfukoni, akakitazama, akakikata kwa meno katikati na kumpa kila mmoja kipande. Nadhani ni hapo ndipo Ludwina alipomwangalia kwa mara ya kwanza kama mtu, wala si kama mwanafunzi mwenye vidole vinene.

Hata hivyo alimweleza wazi. "Siebren, mimi mume nilikuwa naye, nikamaliza. Sitaki mwingine wa kumpigia pasi."

"Najua kupiga pasi mwenyewe," akasema Siebren.

"Muone!" Irmgard akasema. "Huyo usimwache aende Rotterdam."

Sherehe ya sabini ilifanyika. Ludwina alitembea mbele ya tarumbeta na ngoma kutoka ghorofani kwetu mpaka ukumbini, gauni lake la koto, lile la kwetu lenye marinda mapana, limejaa barabara, akicheza hatua ndogondogo za kifalme, na magari yakasimama. Irmgard alicheza ubavuni pake, amefunga kilemba cha rangi ileile. Siebren alipewa kazi ya kushika mwavuli, lakini kwa urefu wake mvua iliingia pande zote, mwenye sherehe akaloa kuliko wageni. Kwa muda wa wiki kadhaa baadaye Ludwina alikuja kanisani na kofia ya sufu. Nilipomuuliza, alijibu, "Mwenzangu, yule mtu anasoma mpaka mikunjo ya pasi. Siku nitakayofunga kwa haraka nitajikuta nimeolewa."

Lakini vuli ilipofika akakubali kwenda Friesland kumsalimia dada yake Siebren, bikizee wa miaka themanini na kitu ambaye hajawahi kutoka kijijini kwake ila kwa kwenda kwa daktari wa meno. Alikubali kwa sharti moja, Irmgard awepo. Irmgard naye alikubali kwa sharti kwamba mimi nibebe vyakula, kwa sababu hakuamini kwamba huko wanakula.

Tulipokelewa vizuri. Nyumba ilinukia sabuni na ng'ombe. Dada mtu akatupakulia supu ya njegere nzito, na Irmgard alipoionja mara moja tu, mkono wake ukaingia mkobani na kutoka na chupa ya pilipili. Akaipitisha mezani. Dada mtu akaishika, akainusa, akajitilia kijiko kizima akidhani ni jamu ya nyanya. Tukakaa tukimtazama kwa hofu. Macho yakamtoka, akapiga chafya, akanywa maziwa, akapumua. Kisha akajitilia tena.

Aliporudiwa na sauti, aliwakodolea macho wale wanawake wawili waliokaa mkabala naye, vilemba vyao vinagusana.

"Sasa," akasema, "Siebren aliandika kwamba ana mchumba. Ni yupi kati yenu?"

Ludwina akamwonyesha Irmgard. Irmgard akamwonyesha Ludwina.

Siebren alikuwa ameinamia supu yake, amefumba macho, jasho linamtoka kwa pilipili, anatabasamu.