Koti la Mtu wa Baruti

Hakuna aliyeniambia kwamba kwenye uwanja mkubwa wa ndege mtu anaweza kupigwa kabla hata hajaonyesha paspoti. Nilifikiri ni mahali pa watu wanaotembea polepole wakivuta masanduku yenye magurudumu, kama kwenye televisheni. Tulipofika, mlangoni kulikuwa na kamba, na askari wawili wenye mikanda mikononi. Nyuma ya kamba walisongamana jamaa wa kila msafiri: akina mama wanaolia, watoto mgongoni, mchungaji anayemwombea mtu huku amemkaba kichwa. Kila basi lilipofika, wabeba mizigo waliruka juu ya masanduku. Wawili waligombania mfuko wetu mpaka mmoja akamwuma mwenzake mkono. Niliona damu. Mfuko ukabaki kwa yule aliyeuma, naye akaniuliza kwa upole kabisa, "Mama, munaenda wapi?"

Sikumjibu. Mimi hata darasani mwalimu akinitaja naangalia meza.

Nilikuwa nampeleka yaya India. Yaya, ndivyo tunavyomwita kaka mkubwa kwetu, ni mchimbaji. Kwetu Kasulo, mtaa wa mji wa Kolwezi, Kongo, watu wamechimba kobalti mpaka chini ya vitanda vyao, na yeye alikuwa akishuka kwenye shimo lililo nyuma ya jiko la jirani. Siku moja mwamba ulikataa nyundo, wakaupiga baruti, na kipande cha jiwe kikamwingia jicho la kushoto. Jicho lile lilikufa. Miezi michache baadaye la kulia nalo likaanza kulifuata, akawa anaona watu kama moshi. Masista wa parokia walitutafutia hospitali huko India, na daktari wa huko akatupangia siku moja tu. Tukikosa ndege ile, nafasi inapewa mgonjwa mwingine, na daktari wa Kolwezi alikwisha kusema kwamba jicho la kulia halitasubiri. Mama hakuweza kuacha wadogo zangu. Nikachaguliwa mimi, kwa sababu Kifaransa changu cha shule ni kizuri. Ni kizuri kwenye karatasi. Mdomoni hakitoki.

Mchimbaji akisafiri, ekipi yake, wenzake wa shimoni, inamvalisha. Hawampi, wanamwazima, ili asiende kuonekana maskini mbele ya wageni akaaibisha shimo lote. Mmoja alileta viatu, mwingine mkanda, mwingine shati la harusi yake. Na yule tunayemwita mtu wa baruti, kwa kuwa kazi yake ni kuitega na kuiwasha, alileta koti lake la ngozi. Lilikuwa koti zuri kuliko yote pale mtaani. Alilivaa kwenye misa, sokoni Manika, na hata pale juu ya shimo akikoroga dawa zake za baruti. Mama alilipiga brashi, mimi nikalipaka mafuta mpaka likang'aa. Tulifikiri tumelisafisha.

Ekipi nzima ilikuja nasi kwenye basi, asubuhi yote barabarani, wakiimba na kutukanana. Walimwambia yaya asile ng'ombe huko India, atapigwa kuliko anavyopigwa na polisi wa kwetu. Mtu wa baruti akamwonya asioe huko, maana hataona sura ya bibi.

"Mi nitaoa kwa kugusa," yaya alisema, na basi zima likacheka. Ndiyo mara ya mwisho siku ile nilimsikia akifanya mzaha.

Pale mlangoni hakuiona kamba. Aliikanyaga, na askari akamchapa mkanda mgongoni, mara mbili, bila hasira, kama mtu anayefukuza mbuzi kwenye mihogo. Nikamshika mkono nikamvuta ndani. Ekipi ilibaki nje ya vioo.

Ndani ni mistari. Mwanamke mwenye glavu alituelekezea kipimo cha homa kwenye paji la uso. Mwingine alitaka karatasi za njano za chanjo. Kijana mmoja aliuzungushia mfuko wetu plastiki, akaukaza kama anafunga maiti. Kisha ukafika mstari wa kuvua viatu na mkanda. Mzee aliyekuwa mbele yetu alikataa kutoa kidumu chake cha mafuta ya mawese, akasema ni ya mtoto wake anayeishi ng'ambo. Askari alimpiga kofi, kidumu kikaanguka kikapasuka, na sisi sote tuliofuata tukapita juu ya wekundu ule kwa soksi. Mzee alipiga magoti akijaribu kuyakusanya kwa viganja. Nilitaka kumsaidia. Niliangalia saa ya ukutani, nikapita.

Koti la yaya lilipita kwenye mashine vizuri. Lakini baada ya mashine ile kulikuwa na meza, na kijana mwenye kitambaa kidogo cheupe juu ya kijiti. Alikipitisha kwenye mikono ya koti, akakitia ndani ya mashine ndogo, na ile mashine ikaanza kupiga filimbi.

Sikujua kuna mashine inayoweza kunusa baruti ya wiki nyingi. Nafikiri Kasulo nzima haijui.

Walimwangusha yaya kwa mguu. Mmoja alimkanyaga shingo, mwingine akampiga mateke ya mbavu akimwamuru kwa Kifaransa afungue mikono. Yaya alikuwa ameikunja usoni kulinda lile jicho moja. Walifikiri anaficha kitu, wakazidi. Nilisikia mdomo wake ukigonga sakafu. Watu waliokuwa nyuma yetu walikimbia, mtoto mmoja akaanguka na kukanyagwa, mama yake akawa anapiga kila mtu aliyekuwa karibu. Nilifungua kinywa niseme hamuoni ni kipofu, na hakuna kilichotoka.

Walitupeleka kwenye chumba kidogo kilichotengwa kwa ukuta wa mbao. Shefu wao, mkubwa wa askari wale, mtu mnene mwenye sauti ya chini, aliweka koti mezani.

"Hii koti iko ya nani?"

Yaya alinyamaza. Mtu wa baruti hatajwi kwa polisi, maana baruti ya mashimo yetu haina ruhusa. Walimpiga kofi, akanyamaza. Walimpiga ngumi sikioni, akatema damu kwenye shati la harusi la mwenzake, akanyamaza. Nilijua angenyamaza mpaka ndege iondoke. Angekaa gizani maisha yake yote na bado asiseme.

Ndipo sauti yangu ikatoka, ndogo. Nilisema koti ni la kuazima na mwenyewe sitamtaja, lakini kama shefu ataniruhusu kwenda mlangoni, nitamwambia aje mwenyewe. Shefu aliamuru shati la yaya na mikono yake vipimwe kwa kitambaa kile. Mashine ilikaa kimya. Akanipa askari wa kunisindikiza.

Yaya alisema tu, "Usiende."

Nilienda. Ekipi ilikuwa bado pale pale, imejibana kwenye kioo. Askari alibaki upande wa ndani, nami nikamwita mtu wa baruti pembeni, lakini kwao hakuna pembeni, wote walikuja.

"Banataka mwenye koti," nilimwambia. "Imenuka baruti. Ukiingia, batakupiga. Usipoingia, yaya hataenda."

Yule aliyemwazima yaya viatu alinikamata shingoni akanisukuma kwenye kioo. Kichwa kiligonga. "Huyu mutoto anatuuza," alisema. Mwingine alimpiga yeye ngumi ya kidevu ili aniache, wakaanza kupigana wao kwa wao, watu wa shimo moja, miguuni pa akina mama waliokuwa wakilia mambo yao.

Mtu wa baruti hakupigana. Alikuwa anavua saa yake.

"Achia mutoto," alisema. "Ile jiwe ya mu jicho, njo mi nililituma."

Kwetu nyumbani hakuna aliyewahi kumlaumu kwa jiwe lile, hata yaya. Alimpa mwenzake saa na simu, akainama chini ya kamba, akaingia akiwa ameinua mikono.

Shefu alituachilia. Tulipewa paspoti, tukaelekezwa kwenye chumba cha kusubiri, upande wa pili wa ule ukuta wa mbao. Matangazo yalikuwa yakiita safari kwa lugha tatu, na kati ya tangazo na tangazo nilisikia kila kitu. Mtu wa baruti aliachiliwa siku iliyofuata, bila koti, na taya yake haijarudi sawasawa. Hiyo niliisikia kwa simu, tayari nikiwa mbali.

Yaya haoni, lakini masikio yake ni mazima.

"Banamupiga?"

Ningeweza kudanganya. Nilisema, "Ndiyo."

Aliinuka. Nilimshika mkanda kwa nyuma, akanivuta hatua kadhaa kwenye vigae. Nikamzunguka mbele, akanipiga kiwiko cha mdomo. Nikajitupa chini nikakumbatia mguu wake kwa mikono miwili, yeye akinipiga mgongoni kwa ngumi akitafuta mlango kwa mkono mwingine. Wasafiri walisogeza mifuko yao. Hakuna askari aliyekuja, labda walifikiri ni mume na mke. Nilikuwa nikimwambia kwenye goti lake, tena na tena, kwamba akirudi kule, mtu yule atakuwa amepigwa bure. Sijui kama alisikia. Alichoka kabla yangu.

Walipoita safari yetu nilimsukuma kutoka nyuma, kwenye mstari, kwenye basi, kwenye ngazi za ndege. Hakunipa mkono. Juu kabisa, mwanamke mwenye sare aliangalia shati lake, akaangalia mdomo wangu uliopasuka, akauliza tuko wangapi.

"Mi niko peke yangu," yaya alisema.

"Tuko wawili," nilisema mimi, kwa sauti iliyofika mpaka chini ya ngazi. "Viti byetu biko pamoja."

Yule mwanamke akasogea tupite.