Baiskeli ya Kwetu Akina Mama

Habari hii siipendi, kila nikiisimulia shingo inaniuma upya, lakini kwa kuwa mmeng'ang'ania, na Kasulu nzima iliniona (vicheko nadhani vilifika hadi Kibondo), basi nicheke na mimi.

Miaka ile ya sabini nilikuwa nimechoka jamani, kila siku ya soko natoka kijijini kwetu Titye na gunia la maharage kichwani, mpaka shingo ikazama mabegani kama ya kobe, nikasema basi, nanunua baiskeli, ile nyeusi kubwa yenye bomba la juu na keria ya kubeba gunia. Nikaenda dukani na shemeji yangu, aje kunisindikiza tu, hela zilikuwa zangu, nimezifunga kwenye pindo la kanga.

Nje ya duka tukamkuta bwana wa kampuni ya baiskeli, kavaa tai juani, na ukutani kabandika picha ya bibi anayecheka juu ya baiskeli, kikapu cha maua mbele (maua! Kasulu nani ananunua maua?). Ningenyamaza yangepita. Lakini cheti changu cha ngumbaro, yale masomo ya watu wazima, kilikuwa kipya, kinaniwasha, nikasoma kwa sauti soko zima lisikie: "Baiskeli ya Mama, nyepesi kama kanga!"

"Hongera, mama!" akasema yule bwana, kisha akamgeukia shemeji. "Mkeo anapenda rangi gani, mzee?"

"Si mke wangu. Muulize mwenyewe, mdomo anao."

"Nataka ile nyeusi," nikasema.

"Ile ya wanaume, mama. Ya kwenu hii, haina bomba. Ipande, watu waone!"

Sasa jueni kwamba mimi nilijifunzia baiskeli ya jirani, ndefu kuliko mimi, kwa hiyo sikukalia kiti hata siku moja: napitisha mguu chini ya bomba, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nashika bomba, naenda nimepinda kama mgomba wenye mkungu. Kwa baiskeli ile Kasulu yote ningeizunguka.

Nikaondoka, vigelegele vikapigwa, mteremko ukanipokea, nikapeleka mkono kushika bomba, nikashika hewa. Nilikwenda mzima mzima kwenye madebe ya mawese ya Mama Zubeda, nikainuka mwekundu hadi kwenye kope.

"Wewe mwanamke," Mama Zubeda akafoka, "umekuja kununua mafuta au kuoga?"

Yule bwana akaipapasa ringi. "Imepinda, mama. Kampuni haipokei iliyopinda. Hii sasa ni yako."

Pindo langu likabaki tupu. Tukaikokota hadi Titye, na shemeji njia nzima anauma midomo asicheke.

Siku ya soko iliyofuata gunia lilikuwa kichwani palepale, maana keria ya Baiskeli ya Mama ilitosha kuku mmoja, tena mwembamba. Tangu hapo mtu akiniambia, "Mama, ya kwenu ni hii," mimi nanyoosha kidole kwenye ile nyingine, na sisomi tena ukuta wa mtu kwa sauti.